Nzi wa Januari

Katika miaka yote niliyomjua, Fundi hakuwahi kufanya jambo lolote kwa ajili ya Mungu. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, tena mara nyingi, akiwa amejifunga aproni ya ngozi na kuinamia kikombe cha fedha cha kubarikia divai. Alikuwa sonara wa Kiyahudi, na maisha yake yote alitengeneza vyombo vya ibada: vikombe hivyo, taa za sikukuu, vijaluba vya manukato ya kuagia Sabato, vibweta vyembamba vya kupigilia kwenye miimo ya milango. Ni vitu visivyo na matumizi mengine duniani, na mtengenezaji wake hakumwamini Yule aliyetengenezewa.

Nilimwita Fundi. Nilipomweleza maana ya neno hilo alisema kwamba katika nchi yake hakuna mtu aliyewahi kumpa cheo kikubwa hivyo. Yeye aliniita Mwalimu, kwa sababu nilisomesha watoto Kurani huko Tanga kwa miaka arobaini, mpaka mwanangu aliponileta huku ughaibuni, Adelphi, nimwangalizie wanawe. Tulizungumza Kiingereza, changu cha shule na chake cha kunung'unika, na hapa ninakiandika kwa lugha yangu ili vyote viwili vipate heshima.

Tulijuana kwa bangili. Kishikizo cha bangili yangu kilivunjika, na mwanangu akaniambia kuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya fleti zetu, kuna mzee anayefua fedha kwenye gereji ya nyumba yake. Nikaenda.

"Sitengenezi mapambo," alisema kabla sijamaliza salamu. "Natengeneza vitu vya Mungu tu."

"Mashaallah. Basi wewe ni mcha Mungu."

"Mimi? Simwamini."

"Sasa kwa nini unaninyima bangili kwa ajili yake?"

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akavuta kiti kwa mguu. "Keti," alisema. Bangili ilipona kwa robo saa, na mimi nikawa nakwenda kuketi kwenye kiti kile kila wajukuu walipokuwa shule.

Sikuchukua muda kugundua kwamba Fundi alikuwa na sababu ya kila kitu. Jumamosi hakuwasha moto wala hakugusa nyundo. Sababu yake ilikuwa majirani, ambao wanahitaji kupumzika. Upande mmoja jirani yake alikuwa duka la matairi, ambalo siku ya Jumamosi ndiyo lilipiga kelele kuliko siku zote. Upande wa pili ilikuwa nyumba iliyohamwa. Jumamosi hiyohiyo hakupanda gari, kwa sababu watu huendesha vibaya Jumamosi. Nyama ya nguruwe hakula kwa ajili ya moyo. Nyama na maziwa hakuvichanganya kwa ajili ya tumbo, na tumbo hilohilo lilikunywa maji ya kachumbari yangu ya pilipili kwa kijiko mpaka bakuli likakauka. Siku moja kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika, alifunga kula na kunywa tangu jua kuzama hadi jua kuzama. Alisema anapunguza unene. Suruali yake ilishikiliwa na mikanda ya mabegani kwa sababu kiuno cha kuishikilia hakikuwepo.

Ramadhani ya kwanza ya urafiki wetu aliacha kunywa chai mbele yangu. Birika limeharibika, alisema. Liliharibika siku ya mwezi mwandamo na likapona siku ya Idi, na mwaka uliofuata likaharibika tena.

Mimi nilishukuru na kunyamaza. Nimesomesha watoto wengi, nikajifunza kwamba mtu anayefanya jambo jema kwa sababu ya uongo usimwamshe. Anaweza kuliacha.

Wanawake wenzangu wa darasa la Kurani waliniuliza ninazungumza nini na mzee asiye na dini. Mama Wambui, jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkenya wa Nyeri anayetunza wazee, aliuliza hivyohivyo kwa njia yake.

"Lakini Mwalimu, huyo mzee si ako na kichwa ngumu? Hata salamu anakujibu kama amekasirika."

"Kichwa kigumu kimeshika mambo mengi," nilimjibu. "Chako na changu vinavuja."

"Ai, changu kinavuja juu ya kufanya shifti mbili," alisema, akacheka na kwenda zake kazini.

Wateja wa Fundi walimwogopa. Siku moja alikuja bwana mmoja na mchoro wa taa ya Hanuka, ile yenye mishumaa minane na mmoja wa tisa wa kuwashia mingine. Alitaka mishumaa minane ipande kama ngazi, mfupi mpaka mrefu. Fundi alikitazama kile kikaratasi kama daktari anavyotazama jipu.

"Hii ni keki ya siku ya kuzaliwa," alisema. "Minane yote iwe sawa. Usiku wa kwanza si mdogo kuliko usiku wa nane. Wa tisa ndio unakaa peke yake, kwa sababu wenyewe ni mtumishi."

"Ni mtindo wa kisasa," yule bwana alisema.

"Basi nenda kwa fundi wa kisasa."

Bwana akaenda. Nikamuuliza Fundi ni nani aliyesema lazima mishumaa ilingane.

"Sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya yule nisiyemwamini," alijibu, akaendelea kupiga msasa. "Kutomwamini si ruhusa ya kumfanyia kazi mbovu."

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa mkono wa kusomea. Wao huuita *yad*, nami niliyesoma Kiarabu sikuhitaji kuambiwa kuwa maana yake ni mkono. Gombo lao la Torati haliguswi kwa kidole. Msomaji hushika kijiti cha fedha kama urefu wa kalamu mbili, na nchani mwake kuna mkono mdogo ulionyoosha kidole cha shahada, ambacho ndicho kinachofuata maneno. Fundi alikuwa akikitengeneza kidole kile kwa tupa ndogo kuliko sindano ya magunia, mpaka unaona kucha. Mwisho alikipitisha juu ya soksi ya kike ya nailoni iliyotandazwa gotini. Kikikwaruza uzi mmoja tu, alianza upya, kwa maana kinachokwaruza soksi kitakwaruza ngozi ya gombo. Wakati mwingine soksi zilimwishia akaniomba mimi. Nilimletea za sufu, nikafukuzwa.

Nilipoona mkono wa kwanza nilirudi nyumbani nikaleta wangu. Ni kijiti cha chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi, nilichofuatia herufi nilipokuwa na miaka sita na ambacho nimekihifadhi ndani ya msahafu hadi leo. Kwenye chuo chetu cha Kurani kila mtoto alikuwa nacho. Fundi alikigeuza kwenye mwanga, akakipima kwa jicho, akakipitisha kwenye soksi. Hakikukwaruza.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini hakina mkono."

"Mkono ni wa msomaji."

Aliguna. Guno lake lilikuwa na aina nyingi, na hili lilikuwa la mtu aliyepigwa akiwa amesimama kwenye nyumba yake mwenyewe.

Sasa nifike kwa binti yake, kwa kuwa habari za Fundi bila yeye ni nusu.

Binti huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwanasheria wa Springfield, mwenye nywele za mvi alizokataa kuzipaka rangi na guno lilelile la baba yake. Alipokuwa msichana, wavulana wa umri wake waliitwa mbele ya watu kusoma Torati, na katika sinagogi lao wasichana hawakuitwa. Kaka yake aliitwa. Fundi alimtengenezea mkono wa kusomea wenye kidole chembamba kama mche wa mpunga. Kaka sasa yuko California, na mkono uko kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Binti hakutengenezewa kitu. Aliniambia haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta, ndiyo maana nikajua bado yanauma.

Miaka mitatu alikuwa akijifunza kusoma, yeye na wanawake wengine wa umri wake, katika sinagogi jipya ambako rabi mwenyewe ni mwanamke. Sasa alikuwa amepangiwa siku, Jumamosi moja ya Machi. Mwezi wa Desemba alikuja gereji nikiwa nimeketi kwenye kiti changu, akamwomba baba yake amtengenezee mkono wa kusomea.

"Wanawake hawasomi," alisema Fundi bila kuinua kichwa.

"Baba, sasa wanasoma."

"Wasome. Mimi sitengenezi."

"Umewatengenezea wangapi mwaka jana tu? Uliniambia mwenyewe. Yule daktari wa Bethesda ni mwanamke."

"Wale ni wateja."

"Na mimi?"

"Wewe ni binti yangu."

Binti alisimama pale na koti lake mkononi. Kisha akanigeukia mimi na kusema taratibu, "Unaona, Mwalimu? Hamwamini Mungu, lakini anajua hasa Mungu huyo asiyemwamini hataki mimi nifanye nini." Akaondoka. Gari lake lilikaa muda mrefu mbele ya nyumba kabla ya kuwashwa.

Nilikasirika, na si kawaida yangu. Nilijiambia kuwa ni wivu wa kike unaonisumbua, mimi niliyesomesha wavulana ambao baadaye walikuja kuwa maimamu na hawakunialika kusikia. Nikasali, nikaomba moyo wangu usafishwe, nikaendelea kwenda gereji kama kawaida. Lakini sasa niliketi nikiwa natazama.

Ndipo nilipoona kikombe.

Miaka yote Fundi alikunywa chai katika kikombe cha kaure chenye ufa. Januari hiyo alikuwa na kopo la safari, la chuma, lenye mfuniko wa kubana. Nilimuuliza cha kaure kimekwenda wapi.

"Nzi," alisema. "Wanaingia ndani ya chai."

Nje theluji ilikuwa imefika kwenye magurudumu ya magari. Nilitazama dirisha. Nilitazama kopo. Nikatazama meza ya kazi, ambako tupa zote zilikuwa zimepangwa safi kama vijiko vya harusi, na nikakumbuka kuwa sijasikia harufu ya moto wa gesi tangu majani yapukutike. Vitu vyote alivyouza miezi ile vilitoka kabatini, kazi za zamani. Na mikono yake ilikuwa ndani ya mifuko ya aproni. Kwa ajili ya baridi, bila shaka, ingawa gereji ilikuwa na joto la kutosha kunifanya nilegeze ushungi.

Nikaelewa, na nikajiona mjinga. Miaka yote mzee huyu alificha dini yake nyuma ya tumbo, moyo, majirani na birika. Safari hii alikuwa ameugeuza uongo upande wa pili. Mwili ndio ulioharibika, naye akaenda kujificha nyuma ya dini.

Nilisubiri wiki mbili. Kusubiri nakujua. Wiki ya tatu, binti alipopiga simu na Fundi akamjibu kwa maneno mawili na kukata, niliona kuwa subira yangu imeanza kufanana na uvivu.

"Fundi," nilisema, "nzi gani hao wa Januari?"

Alitoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya meza kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Ulikuwa ukitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Tangu lini?"

"Kiangazi." Akaurudisha mfukoni. "Ukimwambia, Mwalimu, usije hapa tena."

"Sitamwambia. Siri ya mtu ni amana. Lakini yeye anadhani umemkataa mara ya pili."

"Afadhali adhani hivyo. Nimpe nini? Kidole kilichopinda? Kaka yake alipata kazi yangu bora kabisa. Yeye apate hii?"

"Yeye atakwenda kusoma na mkono wa kununua dukani, Fundi, na kila neno atakalofuata atakuwa anakumbuka kwamba baba yake alikataa."

Alivua miwani akaifuta, jambo lililomchukua muda, na mimi nikatazama dirishani mpaka amalize.

"Mwite aje atengeneze mwenyewe," nilisema. "Wewe ukae hapa useme."

"Hajui kushika tupa."

"Na kusoma hakujua."

"Akija ataona."

"Basi ataona."

Guno alilotoa siku ile sikuwa nimewahi kulisikia, na sikuweza kulipa maana.

Kesho yake alimpigia binti yake simu, nami nikiwa pale. Alisema amefikiri upya. Alisema kuna sheria, ya zamani sana, kwamba mwanamke anayesoma lazima atengeneze mkono wake wa kusomea yeye mwenyewe, chini ya usimamizi wa fundi. Nilisikia sauti ya binti ikiuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. "Kwenye vitabu ambavyo hamjafika," alijibu Fundi, akakata.

Binti alimuuliza rabi wake, aliniambia baadaye. Rabi alisema hajapata kuisikia sheria hiyo, ila anatamani ingekuwepo.

Binti alikuja Jumapili saba mfululizo, na kucha zake zilizosafishwa vizuri. Fundi aliketi kwenye kiti changu, mikono mifukoni, nami nikahamia kwenye ndoo iliyopinduliwa. Binti alipouliza kopo lenye mfuniko ni la nini, aliambiwa ni kwa ajili ya nzi. Alimfundisha kama alivyokuwa akiwafundisha wateja adabu.

"Unapiga tupa au unakuna mgongo wa paka?"

"Umesema polepole, baba."

"Polepole si sawa na kulala."

Alipotaka kumwonyesha pembe ya tupa, alisema mwanga ni mbaya, hawezi kuona, binti aishike mwenyewe. Binti naye akasema ndiyo, mwanga ni mbaya, baba atazame tu. Taa ya mezani iliwaka usoni mwao wote wawili. Jumapili ya tatu binti aliona mkono. Nilimwona akiuona, pale baba yake alipojisahau na kuunyoosha kuonyesha ukucha ulipo. Akainama haraka akapuliza vumbi la fedha kwenye kidole. Nikafahamu kwamba ile tabia ya kutafuta sababu hurithiwa.

Kidole kilitoka kifupi na kinene, kidole cha muuza samaki. Soksi tatu ziliharibika. Ya nne haikukwaruzwa, na Fundi akaamuru kidole kipitishwe mara mbili zaidi akitumaini, nadhani, kupata kosa.

"Kibaya," alisema. "Lakini hakikwaruzi."

Binti aliichukua ile kauli kama mtu anayepokea shahada.

Fundi alisema hatakwenda kusikiliza, kwa sababu ni Jumamosi na watu huendesha vibaya. Jumamosi yenyewe alfajiri aligonga mlango wetu amevaa suti. Daktari amemwamuru atembee, alisema, na kama sina kazi nimsindikize. Tulitembea kama saa nzima, tukipumzika kwenye kila kituo cha basi. Kwa bahati ya ajabu miguu yake ilituangusha mbele ya sinagogi. Akasema tuingie kupata joto. Tuliketi safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa sababu ya hewa, na wenyeji waliniletea kitabu na kunikaribisha kwa upole ambao bado naushukuru.

Binti alisimama mbele ya gombo, yule mkono wake wa muuza samaki ukiwa mkononi. Akaanza. Sijui Kiebrania chao, lakini nimesomesha miaka arobaini, nautambua mdomo wa mtu anayejua kwa ghibu. Midomo ya Fundi ilikuwa ikienda mbele ya sauti ya binti yake, nusu neno mbele, bila kitabu.

Katikati, binti alikosea neno. Nilijua kwa sababu midomo ya Fundi ilisimama. Kisha, kabla wale wawili waliosimama pembeni yake kwa kazi hiyo hawajafungua kinywa, Fundi akalitamka lile neno kwa sauti, sawasawa, kutoka safu ya mwisho. Watu waligeuka. Binti hakugeuka. Alirudisha kidole cha fedha nyuma kidogo, akalisoma tena neno kama alivyosahihishwa, akaendelea.

Sisi pia hufanya hivyo. Imamu akiteleza, aliye nyuma humrudisha. Lakini hakuna anayemsahihisha msomaji ambaye kusoma kwake hakuhesabiki. Ukimsahihisha, umeshakubali kwamba anasoma, na kwamba ilimpasa asome sawasawa.

Njiani kurudi nilimwambia nimemsikia.

"Nilikuwa nakohoa," alisema.

Mara ya mwisho nilimwona Fundi Julai ya mwaka uliofuata, katika nyumba ya wazee ya Gaithersburg. Mama Wambui alinipeleka kwa gari lake, akilalamika juu ya foleni mpaka tulipofika, na kule mlangoni akafanya kazi yake ya kawaida ya kuwauliza wahudumu kama mzee anakula. Binti alikuwa ameketi kando ya kitanda. Juu ya kabati dogo, karibu na dawa, ulikuwapo ule mkono wa kusomea. Aliutumia kila alipoitwa, alisema, na siku nyingine zote ulikaa hapa, kwa kuwa baba yake alidai anaukagua.

Fundi alikuwa amepungua sana. Mikono yote miwili sasa ilitetemeka juu ya shuka, mchana kweupe. Mhudumu alileta chai katika kopo lenye mfuniko na mrija. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na nzi mmoja mnene alikuwa akizunguka juu ya sinia.

Fundi alilivuta kopo. Akahangaika na mfuniko. Binti akanyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha. Mfuniko ulitoka hatimaye, ukaanguka sakafuni, na Fundi akainua kopo wazi kwa mikono miwili mbele ya binti yake. Chai ikamwagika shukani, kushoto na kulia, na nyingine ikafika mdomoni.

"Hakuna nzi hapa," alisema akimtazama binti yake.

"Hapana, baba," alisema binti. Akaweka kiganja chake chini ya kopo. "Hakuna."

Nami, niliyefundisha watoto wa watu miaka arobaini kusema kweli, niliondoka kitini, nikamfukuza yule nzi kwa ncha ya ushungi wangu mpaka akatoka dirishani, kisha nikafunga.